MASHUA NDOGO YA MERIKEBU YA PAULO

(Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27.)

Kama unayo Biblia karibu nawe, ifungue katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Kama huna, au kama mikono yako imo katika unga wakati huu, usisumbuke. Sikiliza tu, nawe utaisoma jioni pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Watu wengi wakisikia habari za safari ya Paulo kwenda Rumi hukimbilia ile tufani. Wanapenda upepo mkuu, mawimbi, na merikebu kuvunjika. Lakini Luka, aliyekuwamo chomboni, hakuanza na tufani. Alianza na safari ya pole pole kando ya pwani. Walipanda merikebu ya Adramitio iliyokuwa ikienda bandari kwa bandari. Wakatia nanga Sidoni, na yule akida Julio akamfanyia Paulo wema, akamruhusu kwenda kwa rafiki zake. Kisha wakapita nyuma ya Kipro kwa sababu pepo zilikuwa za mbisho. Huko Mira wakahamia merikebu ya Iskanderia. Wakasafiri siku nyingi kwa shida wakifuata pwani ya Krete, hata wakafika mahali paitwapo Bandari Nzuri. Hakuna muujiza hapo. Ni kubadili chombo, kungoja upepo, kuchelewa, na kushauriana.

Nawaambieni, sehemu kubwa ya maisha ya Mkristo ni kama hiyo. Tufani huja mara chache. Yale mambo madogo ya njiani huja kila siku.

Nani ajuaye mambo hayo kuliko watu wa visiwa vya Lamu? Huko njia ya kwenda dukani ni maji, njia ya kwenda hospitali ni maji, na bibi arusi naye hupitishwa majini. Anayetoka Lamu kwenda Pate, Siyu, Faza au Kizingitini ana njia mbili. Yuko awezaye kutoka nje, upande wa bahari kuu, lakini wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari hiyo haina mzaha. Wengi hupita ndani, katika ule mlango wa maji uitwao Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiwa kuume na kushoto, mpaka chombo kitokee katika Ghuba ya Manda na kuelekea Mtangawanda. Kwa miaka mingi, kabla haujachimbwa, Mkanda haukupitika maji yakipwa, ila kwa vyombo vidogo kabisa. Hata leo mji wa Pate wenyewe, na ile njia ya maji iingiayo Siyu penye ngome ya zamani, na kijito kiendacho kwenye magofu ya Takwa, vyote vinangoja maji yajae.

Msafiri wa kutoka bara, aliyezoea basi linaloondoka saa ikifika, huona jambo hili gumu. Amekaa juu ya gunia lake, jua linapanda, naye anauliza, "Nahodha, mbona hatuondoki?" Nahodha anamjibu kwa upole, "Twangoja maji, mwalimu." Anauliza tena, "Yatakuja saa ngapi?" Anajibiwa, "Yatakuja kwa saa yake. Jana yalikuja mapema kidogo kuliko leo."

Na huyo nahodha hakosei. Kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kadiri ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji hukawia kama dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti yaweza kupita meta 3. Katikati yake huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Mtu wa Lamu hujifunza hayo kabla hajajifunza kusoma. Wengi wa manahodha hao ni ndugu zetu Waislamu, na mimi sioni aibu kusema kwamba katika habari ya kungoja wametupita wengi wetu tuimbao nyimbo za subira kila Jumapili.

Sasa, chombo kimeondoka. Hata katika maji yaliyotulia, yapo mambo yatakayompata.

La kwanza ni kuvuja. Hakuna chombo cha mbao kisichovuja hata kidogo. Fundi hukitia kalafati, yaani huzibaziba nafasi za mbao kwa pamba yenye mafuta, na nje hupaka yale mafuta ya papa yaitwayo sifa (ambayo harufu yake, nawahakikishieni, haina uhusiano wowote na sifa tunazoimba kanisani). Bado maji huingia. Mitepe ya zamani ya visiwa hivyo, iliyoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja, ilivuja zaidi, na watu walisafiri nayo hata hivyo, wakikumba maji njia nzima. Kuvuja si ajabu. Ajabu ni baharia ayaonaye maji ndani ya chombo akageuza uso.

Tena liko jambo moja ambalo mgeni hulishangaa. Mashua iliyopandishwa pwani ikakaa juani miezi mingi, mbao zake hukauka na kuachana. Siku ya kuiteremsha majini huvuja kama tenga. Asiyejua husema, "Imeoza hii, ichomwe!" Mwenye kujua huiacha ndani ya maji, huikumba, huiacha tena, na baada ya siku moja au mbili mbao zimekunywa maji, zimevimba, zimefunga zenyewe. Haikuhitaji moto. Ilihitaji kurudi majini, na mtu wa kukaa nayo akikumba.

Ndugu mzee wa kanisa, nakuuliza wewe. Yule kijana aliyekaa miaka 3 bila kuja ibadani, naye Jumapili iliyopita akaja, akakaa kiti cha nyuma, akasahau kusimama wakati wa kusimama, na akatoka kabla ya sadaka: ulisemaje juu yake? Ulisema ameoza? Siku za kwanza atavuja. Atasema maneno yasiyofaa, atashindwa kurudi juma la pili. Mkalie karibu na ndoo yako.

Hata watumishi waliotutangulia walikutana na vyombo vya kuvuja. Dakta Krapf, alipoondoka Aden mwezi wa Novemba mwaka 1843 aje pwani yetu, chombo alichopanda yeye na mkewe kilivuja vibaya hata ikawabidi kurudi. Hakusema kwamba Mungu amefunga mlango wa Afrika. Baada ya siku si nyingi alipanda chombo kingine, na mwaka 1844 akaanza kazi Mombasa.

Jambo la pili ni kupwelewa. Chombo kinakwenda vizuri, mara kinagusa fungu la mchanga, na maji yanashuka. Siku hizi vyombo vingi vina injini, na kijana asiye na uzoefu akigusa mchanga huongeza moto. Hapo hujidhuru. Rafadha huchimba shimo, chombo huzidi kukaa, na injini, ambayo hupozwa kwa maji inayovuta kutoka chini, huanza kuvuta mchanga. Mmeona kile kijito chembamba cha maji kinachoruka pembeni mwa injini za nyuma? Nahodha mwangalifu hukitazama kila mara, kwa maana kikikatika ni dalili kwamba injini haipozwi, na muda si mrefu itaungua.

Basi mwenye akili huzima. Huchukua pondo akapima upande gani una kina. Huwaomba abiria wahamie upande mmoja ili chombo kiinuke upande wa pili. Huchukua nanga, akaipeleka mbali penye maji mengi, akaitupa huko, kisha wote huvuta kamba. Yote hayo hufanywa upesi, kwa sababu maji yanayopwa hayamngojei mtu. Na ikishindikana, huketi chini. Ataweka chai motoni. Baada ya saa kadhaa maji yatamwinua bila yeye kusukuma.

Lakini sikilizeni jambo ambalo manahodha hulijali sana: si kupwelewa kote kulikosawa. Ukigusa wakati maji yanajaa, ni kitu kidogo tu, maana yale yale maji yatakuinua. Ukigusa yakiwa yanapwa, utangoja. Na ukipanda juu ya fungu katika kilele cha bamvua, maji yakiwa yamefika mwisho wake wa juu, basi unayo kazi, kwa kuwa maji ya kesho hayatafika pale, wala ya kesho kutwa, na huenda ukakaa hapo karibu majuma mawili mpaka bamvua nyingine. Ndiyo maana mtu hujaribu njia asiyoijua wakati maji yangali yanajaa, wala hajaribu yakiwa yamejaa pomoni.

Nafikiri habari za mikopo. Mtu hupata mavuno mazuri mara moja, au kazi mpya, au bei ya kahawa imepanda; amejaa pomoni. Ndipo aingiapo katika kijito asichokijua: shamba la pili kwa deni, gari kwa deni, arusi ya kuwashangaza majirani kwa deni. Anaelea vizuri siku hiyo. Maji yakianza kushuka anajikuta juu ya mchanga, mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki. Na mkewe yumo chomboni, na watoto wamo. Sisemi kukopa ni dhambi. Nasema tazama maji kwanza.

Iko na ile pini. Injini nyingi ndogo zina pini ya chuma laini inayoshika rafadha. Rafadha ikigonga mwamba au gogo la mkoko, pini hukatika. Chombo husimama ghafula, na abiria hulalamika kwamba kifaa ni kibovu. La, kimefanya kazi yake. Imetengenezwa ikatike yenyewe ili injini isivunjike. Nahodha ana pini nyingine mfukoni. Huinua injini, huvuta ile iliyokatika, hutia mpya, na safari inaendelea. Kuna mambo katika nyumba zetu yanayopaswa kukatika namna hiyo. Mume na mke wanabishana juu ya karo, sauti zinapanda. Mmoja wao akubali kukatika. Aseme, "Basi, mama Wanjiru, tuliache mpaka kesho." Hajashindwa. Ameokoa injini.

Sasa turudi kwa Paulo, maana nataka kufika kwenye ile mashua ndogo.

Katika Bandari Nzuri Paulo aliwaonya kwamba wakati wa kusafiri umekwisha kupita. Hawakumsikia, akida alimwamini nahodha na mwenye merikebu. Bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, nao walitaka kufika Foinike, mwendo mfupi tu kando ya pwani. Kusi kidogo kikavuma, wakadhani wamepata walichotaka. Mara ukashuka upepo wa Eurakilo. Walipopata kificho nyuma ya kisiwa cha Kauda, waliivuta ile mashua ndogo iliyokuwa ikikokotwa nyuma, na Luka asema waliipata kwa shida. Wakapitisha kamba chini ya merikebu kuifunga isiachane. Siku ya pili wakatupa shehena, na siku ya tatu vyombo vya merikebu. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota.

Usiku wa 14 mabaharia wakahisi nchi iko karibu. Wakapima maji, wakapata pima 20. Wakaenda kidogo, wakapima tena, wakapata 15. (Pima moja, kama wavuvi wetu wajuavyo, ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa.) Wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche.

Hapo ndipo jambo lilipotokea. Mabaharia waliishusha ile mashua ndogo majini. Ukiwauliza, "Jamani, mnafanya nini?" wangekujibu, "Tunakwenda kutupa nanga za omo." Neno zuri! Ni kazi ya baharia kutupa nanga. Mwenye kuwazuia angeonekana mpumbavu. Lakini Luka anatuambia wazi kwamba hiyo ilikuwa ni kisingizio. Walitaka kukimbia, wawaache watu wote gizani pamoja na merikebu wasiyoweza kuiendesha. Paulo alifahamu. Akamwambia akida na askari kwamba hawa wasipokaa merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaanguka, ikachukuliwa na maji.

Nimefikiri sana juu ya mashua hiyo. Kwa maana hakuna mtu anayeiacha nyumba yake akisema, "Nakimbia." Husema, "Nakwenda kutupa nanga." Baba anaondoka Maragoli, au Machakos, au Taita, asema anakwenda Mombasa kutafuta karo ya watoto. Kazi njema kabisa. Ni nani awezaye kumzuia? Miezi ya kwanza fedha zinakuja. Kisha zinakuja nusu. Kisha simu inaita bila kujibiwa, na jirani aliyemwona huko asema ana nyumba nyingine. Mkewe akiulizwa na wakwe, hujibu, "Yuko kazini." Anamfichia mumewe kisingizio ambacho mume mwenyewe amekwisha kukisahau. Wengi katika wale wanaonisikia asubuhi hii wanajua ninasema nini, na wengine wamepunguza sauti ya redio.

Nisiwasahau na watu wa kanisa. Mashemasi wawili wamekosana kwa ajili ya hesabu ya mabati. Mmoja anaandika barua nzuri sana, kwamba kwa sababu ya shughuli nyingi anaomba kupumzika. Shughuli! Ameshusha mashua. Na anayejua kutengeneza hesabu ni yeye. Merikebu imebaki na watu wasiojua kamba ipi ni ipi.

Tazameni pia kwamba kukata kamba kulikuwa na gharama. Askari nao walipoteza mashua ambayo wangeihitaji. Kesho yake merikebu ilipokwama na tezi yake kuvunjika kwa mawimbi, hapakuwa na mashua ya kuwapeleka pwani. Waliojua kuogelea waliogelea, na wengine walishika mbao na vipande vya merikebu. Mke anayemwambia mumewe, "Rudi, tule ugali na chumvi pamoja," hamwambii jambo rahisi. Fedha za Mombasa zitapungua. Shemasi atakayerudi mkutanoni atakutana uso kwa uso na mwenzake. Lakini watu 276 walikuwamo katika merikebu ile, na wote walifika nchi kavu wakiwa hai, mabaharia wenyewe wakiwamo.

Na kabla ya hapo Paulo alifanya kitu cha kawaida kabisa. Kulipokuwa kunakucha aliwaambia wale chakula. Hawakuwa wamekula kwa siku nyingi. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akala. Wote wakachangamka. Kisha wakaitupa ngano iliyobaki baharini ili kuipunguzia merikebu uzito. Mtu mwenye njaa hawezi kukumba maji. Kama wewe una mgonjwa nyumbani, au una kesi, au una mtoto aliyekutoroka, nawe huli tangu juzi: mwambie jirani akupikie uji, unywe, kisha urudi zamu yako.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyelala juu ya mto katika shetri, mashua ikijaa maji: walinde wavuvi wa Kizingitini watakaotoka usiku wa leo, na abiria wa Mkanda, na nahodha mwenye chombo kilichojaa kupita kiasi, umpe ujasiri wa kusema, "Wawili washuke." Umkumbuke mama ambaye taa yake haijazimwa kwa sababu anamngojea mtu. Na yule bwana aliyesema anakwenda kutupa nanga, popote alipopanga chumba usiku wa leo, Bwana, mwamshe kabla hakujacha, aende kituo cha basi akakate tikiti. Amina.